Mlango Uliopigiliwa Misumari

Mtaa mzima wa Mabatini ulimwita Rubani, na mtu yule hakuwahi kurusha hata kishada. Alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe, maana alirudi kutoka vita vya Burma na habari za ndege ambazo hazikuwa na mwisho, na sisi watu wa Mwanza tukishakubandika jina, utazikwa nalo.

Nilimjua miaka yote ile, na kusema kweli alinichosha. Nasema hivi nikiwa nampenda. Kuna watu unawapenda kabisa, na bado ukisikia kikohozi chao mlangoni unasema moyoni, eh Mungu wangu, huyu tena.

Alikuwa anakuja kwetu kwa sababu ya kaka yangu Masanja. Waliondoka pamoja kwenda vitani, akarudi mmoja. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Siku ya kwanza alipokuja bado alikuwa amevaa koti la jeshi lililopauka. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza mama jinsi mwanawe alivyokufa, na alieleza vizuri mno. Masanja alikuwa zamu ya ulinzi. Masanja alimwona adui, akawaamsha wenzake. Masanja alipigwa risasi moja tu ya kifua, hakupiga kelele, akasema mwambieni mama asilie. Halafu, ili amalizie vizuri, Rubani akaongeza kwamba jioni ile kaka alikuwa amempa askari mgonjwa chakula chake chote.

Mama alikuwa analia. Aliposikia hilo akanyamaza, akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Alimpa nini?"

"Chakula chake, mama."

"Chote?"

"Chote. Yeye akalala hivyo hivyo."

Mama akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Baba, pole kwa safari," akamwambia. "Lakini mmekosea mtu."

Hapa lazima nieleze. Kaka yangu alikuwa mlaji, na nikisema mlaji sitanii. Ugali ukiepuliwa, mkono wake ulikuwa umeshafika. Tonge alilirusha kutoka kiganja hiki kwenda hiki, anapuliza, anameza, machozi yanamtoka. Kila siku mama alimwambia neno lile lile, "Subiri upoe," na hakusubiri hata mara moja. Mgeni akija, Masanja aliangalia sahani ya mgeni mpaka mgeni mwenyewe anaona aibu anasema ameshiba. Leo unakuja unamwambia mama wa mtu huyo kwamba mwanawe aligawa chakula. Yaya, akasema mama kwa Kisukuma chake, hapana. Masanja wako wengi. Aliyekufa ni Masanja mwingine, mtu mwema, Mungu amlaze pema. Wa kwake alikuwa hai, amepotelea Bara Hindi huko, pengine ameoa mwanamke anayejua kupika.

Kwa hiyo msiba haukuwekwa. Serikali ilishaleta habari yake, jirani walishaleta kuni, mama akawarudisha na kuni zao. Kitanda cha kaka kikatandikwa. Kila jioni sehemu yake ya ugali ikatengwa na kufunikwa, asubuhi tukampa kuku. Niliyekuwa nausonga ugali huo ni mimi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kule kisiwani Nansio, na alikuwa na nyumba ya kututosha wote watatu. Mama alikataa kuhama. "Masanja akirudi atatukuta wapi?" Basi nikawa mke wa kwenda na meli na kurudi na meli, sato wa kuuza kwenye kikapu, na mwili umechoka hata siku za mapumziko. Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo. Nilitaka mama akubali, alie, tufunge mlango, tuhame.

Na aliyeweza kumfanya akubali alikuwa mtu mmoja tu, seremala yule, na kila alipofungua mdomo aliharibu zaidi.

Rubani hakuelewa kosa lake. Alidhani mama haamini kwa kuwa sifa hazitoshi. Akawa anaongeza. Mwaka huu Masanja alikuwa anasali kila asubuhi. Mwaka ujao Masanja alikuwa anawafundisha wenzake kusoma. Masanja! Aliyetoroka shule akajificha kwenye mashamba ya mihogo! Mama alisikiliza yote kwa adabu, mwisho akauliza swali lake lile moja.

"Huyo Masanja wenu, alikufa amekula?"

"Alikuwa ameshiba, mama."

"Ameshiba nini, na chakula aligawa?"

Hapo Rubani alikuwa anaomba maji. Maji alikunywa kwetu, chakula hapana. Kwa miaka yote ile sikumwona akila tonge nyumbani kwetu. Kwa jirani alikula, kwenye arusi alikula mpaka akalegeza mkanda. Kwetu nikileta tu maji ya kunawa, anakumbuka kuna gundi ameiacha motoni. Mimi nikachukulia kwamba anatudharau, na nikamwambia hivyo wazi. Akasema, "Dada Kabula, sivyo." Akaondoka.

Habari zake za ndege sasa. Alikuwa anazitoa akipiga randa, bila kukutazama, na ukimkatiza alianza upya.

Ndege aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbao. Alisema Waingereza walikuwa na ndege ya vita waliyoiita Mbu, imetengenezwa na maseremala, mbao nyembamba zimegandishwa kwa gundi, na mbio zake ziliwatoa Wajerumani jasho. Alikuwa akisema hivyo anakipapasa kitanda cha mtu kana kwamba kitaruka. Halafu uso unamsinyaa. Ndege hiyo ilipopelekwa Burma, mvua na joto vikaifanya gundi iachie, mabawa yakaanza kufumuka. "Mbao haikuwa na kosa," alisema. "Kosa ni la gundi. Siku zote kosa ni la kile kinachoshikilia."

Alisema kulikuwa na ndege zisizo na injini, zinavutwa kwa kamba na ndege nyingine, ndani zimejaa askari na nyumbu. Muuza vitumbua akauliza nyumbu wa Serengeti wanafanya nini Burma. Rubani akaweka randa chini, akaeleza kwa uchovu mkubwa kwamba hawa ni nyumbu wa mizigo, baba punda, mama farasi. Yule muuza vitumbua akasema, "Haya, tumekubali punda, sasa hiyo ndege bila injini inarudije?" Rubani akajibu, "Nyingi hazirudi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alisema katika vita vya Mjerumani vya kwanza ndege zilikuwa za vitambaa na fito, na bunduki ilipiga risasi katikati ya pangaboi linalozunguka bila kulikata hata kidogo. Hili hakuna aliyemwamini, basi akapindua baiskeli ya mtu, akazungusha gurudumu, akajaribu kupitisha kijiti katikati ya spoku ili tuone. Spoku zikapinda. Mwenye baiskeli alimsema mwezi mzima. Alisema zilikuwepo ndege kubwa zinazotua majini, tumbo lake kama la meli, na kwamba Ziwa letu lingezitosha zote. Alisema ile iliyoangusha bomu lililomaliza vita kule Japani ilipita juu mno, na watu wa chini wakaendelea na shughuli zao, wakijua ni ndege moja tu inapita.

Mengine yalikuwa uongo, na yeye hakujua. Aliamini kwamba marubani wa Kiingereza waliona gizani kwa sababu ya kula karoti. Akapanda karoti nyuma ya karakana, akawalazimisha wazee wenye macho mabovu wazitafune. Baadaye sana nikaambiwa kwamba habari ile ya karoti ilitungwa makusudi ili kumpumbaza Mjerumani. Sikumwambia. Mzee mmoja wa mtaani alikuwa ameshasema anaona vizuri.

Ndege alizijua kwa sauti. Uwanja wa ndege uko Ilemela, na siku ndege ikija upande wetu, sisi sote shingo juu, yeye kabla haijaonekana ameshasema ni ya aina gani. Dakota aliitambua hata akiwa anapiga misumari. Lakini hakuinua macho. Hili niliona mapema, na lilinisumbua. Mtu anayezungumzia ndege kutwa, ndege yenyewe ikipita alikuwa anatazama chini, barabarani, kuona nani amesimama mahali pa wazi. "Ingieni upenuni," alikuwa anasema. "Wewe mama, toka hapo katikati. Acha ipite." Watu walimzoea. Walikuwa wanaingia upenuni wakicheka, wanampa heshima yake, wanatoka.

Mara moja, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, ilipita juu ya Ziwa ndege ya kijeshi inayong'aa, haina pangaboi, na mlio wake ulitufikia wakati yenyewe imeshavuka. Nilikuwa nimesimama karakanani na kikapu changu. Rubani alikuwa ndiyo kwanza anageuka kutazama barabara, na imeshakwisha.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa hata muda wa kumwambia mtu kimbia, hakuna."

Alikaa juu ya ubao, akafuta jasho. Siku hiyo hakufanya kazi tena.

Alikuwa na usemi wake mmoja ambao sikuuelewa mpaka mwisho. "Ndege haioni," alisema. "Anayeona ni mtu, na mtu yuko mbali." Nimekuja kuukumbuka mara nyingi. Niliukumbuka wakati wa vita vya Kagera, yeye akiwa ameshakufa, ndege ilipokuja kuutafuta mji wetu na mabomu yakaenda kuua swala wa watu kwenye kisiwa cha Saanane. Nimeukumbuka tena juzi, mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu ndege ya vita ambayo haina mtu ndani, rubani amekaa chumbani nchi nyingine na kikombe cha chai. Nilimrudishia simu yake, nikamwambia macho yanauma.

Sasa nifike kwenye zile ndege alizozijenga, maana ndizo zilizompa jina hadi Magu.

Anayejua Usukuma anajua ngoma za baada ya mavuno. Vyama vya ngoma ni viwili, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, siku moja, wanacheza kwa pamoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna mwamuzi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kila manju, kiongozi wa ngoma, anatafuta kitu cha kushangaza. Mmoja analeta chatu, mwingine sanamu la mbao linalotikisa kichwa. Manju wa Wagika akaja Mabatini kwa Rubani, akamwambia, "Nitengenezee ndege."

Akatengeneza. Mabawa ya vitambaa vilivyopakwa uji wa muhogo, pangaboi linalozunguka kweli, magurudumu ya baiskeli, na ndani vijana wanne wanaibeba wakicheza, miguu yao tu ndiyo inaonekana. Ilipoingia uwanjani Igoma, upande wa Wagalu ukabaki na wazee na mbwa. Mwaka uliofuata akatengeneza nyingine kubwa zaidi. Alikuwa anaipaka rangi usiku na mchana, anaimba, na kwa wiki hizo alikuwa kijana. Lakini ubavuni mwa kila ndege alichora mlango, akaujenga kabisa na bawaba zake, halafu akaupigilia misumari pande zote.

Manju akamwomba jambo dogo. Alisema, "Mwaka huu tuweke karanga ndani. Ndege ikifika katikati, mlango unafunguliwa, karanga zinamwagwa kwa watu. Wagalu watakoma."

"Hapana," akasema Rubani.

"Karanga ni zangu."

"Ndege ni yangu. Haimwagi kitu."

"Sasa mlango wa nini?"

"Ndege ina mlango. Ndivyo ilivyo."

Walibishana mpaka manju akatupa kofia chini. Mwaka huo Wagalu walileta fisi aliyefundishwa kusujudu, na Wagika wakashindwa vibaya. Mtaa wote ukamlaumu Rubani. Waliimba wimbo wa kumsema, na wimbo ulikuwa mzuri, nikajikuta nauimba nikiosha vyombo. Alisikia, akapita.

Uhuru ukaja. Mwanza ilivaa nguo mpya hata wasiokuwa nazo. Mtaani kwetu iliundwa kamati ya sherehe, na mwenyekiti wake alikuwa bwana mmoja mwenye sauti kubwa aliyekuwa akiuza nguo sokoni. Akataka ndege. Si ya kubebwa, ya kuruka! Kamati ikafunga waya kutoka juu ya jabali kubwa la mtaani mpaka kwenye nguzo ya goli la uwanja wa mpira, na ndege ya Rubani ikatundikwa kwa kapi ili iteremke yenyewe juu ya vichwa vya watu. Rubani alikubali kwa furaha. Aliipaka kijani, nyeusi na rangi ya dhahabu. Mlango akaupigilia.

Asubuhi ya sherehe mwenyekiti akamtuma fundi mwingine na koleo la kung'olea misumari. Wakajaza ndani vifuko vya karanga na peremende, wakafunga kamba ya kuvuta mlango. Walidhani wanamfanyia Rubani jambo jema, watu wamsifu. Hawakumwambia.

Tulikuwa tumekaa mbele, mama na mimi, kwenye viti vya wazee. Rubani alisimama karibu na goli na lile koti lake la jeshi, amelipiga pasi. Ndege ikaachiwa kutoka jabalini. Watu wakapiga vigelegele. Ilipofika juu ya uwanja, kamba ikavutwa, mlango ukafunguka, na kifuko cha kwanza kikaanguka kwenye nyasi. Watoto wote wa Mabatini wakaingia uwanjani mbio, wanasukumana.

Nikamsikia kabla sijamwona.

"Bado! Bado haijamaliza! Rudini!"

Alikuwa anakimbia katikati yao, anawashika mikono, anawatupa nje ya uwanja. Binti wa mwenyekiti gauni likachanika. Vifuko vinaendelea kuanguka, vidogo vya karanga tu, havimwumizi mtu, na yeye anapiga kelele kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanamume mwingine.

"Masanja! Rudi! Masanja, bado! Masanja!"

Akaanguka kifudifudi katikati ya uwanja, mikono juu ya kichwa. Ndege ikafika golini, ikagonga nguzo, ikasimama. Watu walikuwa wameanza kucheka, wakaacha. Wanaume wawili walimwinua, wakamkung'uta vumbi, wakamwondoa.

Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaingia.

"Umesikia jina aliloliita?"

"Nimesikia, mama."

Tulirudi nyumbani, nikasonga ugali, nikatenga sehemu ya Masanja kama kawaida. Mama aliitazama muda mrefu kabla ya kuifunika.

Baada ya siku ile Rubani hakuja kwetu tena. Aliendelea na kazi, lakini alikuwa akizunguka mtaa wa nyuma ili asipite mlangoni petu. Habari za ndege zikaisha. Ukimwuliza alisema, "Nimesahau." Ile ya Uhuru aliivunja akaitumia kutengeneza kabati la mtu. Sikuamini kwamba nitakuja kusema hivi, lakini nilikuwa nakikosa kile kikohozi.

Miaka michache ikapita. Mama akaanza kuvimba miguu. Kutembea ikawa taabu, akawa wa kukaa kitandani kwake, mkabala na kile kitanda kingine kilichotandikwa. Mume wangu alikuwa amechoka kuandika na kusema tuhamie kwake, na simlaumu. Alasiri moja ya masika, mvua imekatika, mama akaniita.

"Kaniitie Rubani. Mwambie mimi nimechoka kusubiri, na yeye amechoka kudanganya."

Nilimkuta karakanani anakaza kiti. Nikampa maneno yale jinsi yalivyo. Aliweka nyundo chini, akanawa mikono, akanifuata bila kuuliza kitu. Mvi zilikuwa zimemjaa, na njia nzima alitembea nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo." Alimwonyesha kile kitanda cha Masanja, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Rubani akasita, akakaa pembeni kabisa. "Leo usinisimulie askari," mama akasema. "Nisimulie mwanangu."

Alivua kofia, akaizungusha mikononi, nikadhani ataomba maji. Halafu akasema, anatazama sakafu, pole pole, bila mapambo hata moja.

Alisema kule msituni hapakuwa na njia, na chakula chao kilikuja kwa ndege. Kazi yake yeye ilikuwa kutandika vitambaa vyeupe mahali pa wazi, ili marubani wajue wapi pa kuangusha. Vitu vya kuvunjika viliteremshwa kwa miavuli. Unga na mchele havikupewa mwavuli. Magunia yalisukumwa mlangoni hivi hivi, ndege ikipita chini, na gunia likishuka hivyo linaua mtu. Kwa hiyo amri ilikuwa moja, kaa kwenye miti, ndege izunguke mpaka imalize, filimbi ipigwe, ndipo uingie. Wakati ule mawingu yalikuwa yamekaa siku nyingi, ndege haziji. Walikuwa wanachemsha majani. Halafu kukapambazuka kweupe, Dakota ikaja.

"Tulikuwa tumelala pamoja ukingoni, mimi na yeye. Gunia moja likapasuka. Unga ukamwagika kwenye nyasi, mama, mweupe. Akaniambia, 'Unaona unavyopotea?' Nikamshika koti. Nikamwambia bado, bado haijamaliza. Akavua koti akaniachia mkononi."

"Akakimbia," mama akasema.

"Akakimbia. Ndege ikarudi mara nyingine. Sisi wote tulipiga kelele. Hakusikia, au alisikia. Vitambaa nilivitandika mimi, mama. Mahali pale nilipachagua mimi."

"Nani alimwua? Adui hakuwepo?"

"Hakuwepo adui. Ni gunia la unga. Letu wenyewe." Akajifuta pua kwa mkono. "Ningekuambiaje? Unamwambiaje mama wa mtu kwamba mwanao ameuawa na chakula?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeziba mdomo. Mama alikuwa ameinama mbele.

"Alikufa amekula?"

"Tulipomfikia," akasema Rubani, "alikuwa na unga mdomoni. Alikuwa ameshatia."

"Mkavu?"

"Mkavu, mama."

Mama akacheka. Naapa, alicheka. Alipiga goti lake lililovimba kwa kiganja, akacheka kama siku Masanja alipoiba mnofu jikoni akakutwa ameuficha kofiani. "Mkavu! Hata maji hakusubiri! Kabula, umesikia? Huyo ndiye. Huyo sasa ndiye mwanangu." Na hapo hapo kicheko kikageuka, kikawa kile kilio tulichokisubiri miaka yote ile. Nikaenda nikamkumbatia, tukalia wote wawili kwa sauti mpaka majirani wakasimama nje. Rubani alibaki amekaa kwenye kitanda cha kaka, kofia mkononi, machozi yanamdondokea magotini, hayafuti.

Mama alipotulia aliwatuma majirani wakawaambie watu kwamba kesho kuna msiba, waje na kuni. Halafu akaniuliza kama moto upo. Nikasema upo.

"Songa ugali. Ile sehemu ya Masanja, mpe huyu."

"Mama, mimi nimeshaku..." Rubani akaanza, anainuka.

"Umekula wapi? Kaa chini."

Akakaa. Nikasonga, nikamwekea na sato wa mchuzi, nikamletea maji, akanawa. Ugali ulikuwa unatoa mvuke. Nadhani alitaka amalize haraka asije akashindwa, maana alipeleka vidole moja kwa moja sahanini.

Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Subiri upoe," akamwambia.

Akasubiri.